Mwaka Ambao Kila Mtu Alimtaka Faila

Nilirudisha kitambulisho changu cha ukalimani wakati theluji inayeyuka, na wiki iliyofuata Dina, ambaye ndiye anayewapangia zamu siku hizi, akanipigia simu. Alitaka niwaandikie kitu ninyi mnaoanza. "Mambo ya kazi tu, Mama Perpetua," alisema. "Yale ambayo hayamo kwenye mafunzo." Nikamwuliza kama niweke na vyeo. Akacheka. Katika ukalimani wa hospitali cheo ni kimoja tu, na ninyi mlishakipata siku mliyoajiriwa.

Basi nianze na siku ya kwanza, kwa sababu niliharibu.

Nilizaliwa Singida. Kiswahili changu kilikuwa cha shule, redio na kanisa, na nilikuja Minnesota nikiamini kwamba hicho ndicho Kiswahili. Asubuhi ile nilipotea ndani ya jengo la maegesho la hospitali moja ya Minneapolis, ghorofa zote zikifanana, nikafika chumbani nikihema. Mgonjwa alikuwa mzee wa Kikongo mwenye maumivu ya tumbo. Daktari akamwuliza alitibiwa wapi zamani. Mzee akasema kule kambini alikuwa anatibiwa na munganga mwaka muzima. Mimi nikafasiri bila wasiwasi kwamba alikuwa kwa mganga wa kienyeji. Daktari akakunja uso, akauliza alipewa mitishamba gani. Nikamwuliza mzee.

"Mitishamba?" mzee akashangaa. "Juu ya nini mitishamba?"

Tulizunguka hapo karibu dakika kumi, daktari akiandika, mzee akizidi kuniangalia kama mtu aliyelewa. Mwishowe akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, ina muhuri wa hospitali ya kambi na majina ya vidonge. Kwao munganga ni daktari. Yule aliyemtibu mwaka mzima alikuwa daktari mwenye koti jeupe kama huyu tuliyekaa naye. Nikalazimika kusema mbele ya wote wawili, kwa lugha zote mbili, kwamba mkalimani amekosea na daktari afute alichoandika. Masikio yaliniwaka moto. Mkumbuke hilo: ukikosea, sema hapo hapo, kwa sauti, kwa wote. Kosa lililofichwa linaandikwa kwenye faili na kuishi humo muda mrefu kuliko wewe.

Mlangoni alikuwa amesimama Hodan, mkalimani wa Kisomali, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, aliyetumwa kunitazama. Baada ya zamu alinichukua kwa treni hadi kwake Cedar-Riverside, mtaa wenye Wasomali wengi, kwenye moja ya yale maghorofa marefu, akanipa chai yenye iliki na sambusa, halafu akaniambia kwa Kiingereza, maana hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana:

"Kosa lako hukulifanya leo. Ulilifanya siku ulipodhani lugha yako ni moja."

Akaniamuru niwe natumia Jumamosi zangu kukaa na Wakongo, si kuwafundisha, kuwasikiliza tu. Nilikaa. Jikoni mwao nilijifunza kwamba ulizo ni swali, na kwamba mama akisema "nko muzuri" huku ameshika mgongo, usifasiri neno peke yake ukaridhika.

Hodan ndiye aliyenifundisha na mengine. Kukaa pembeni ya mgonjwa, nyuma kidogo, ili daktari amtazame yeye na si wewe. Kusema "mimi" mgonjwa anaposema "mimi", hata kama mgonjwa ni mwanamume mwenye ndevu. Kutobaki peke yako chumbani na mgonjwa daktari akitoka. Kijitabu kidogo kinachofungukia juu, cha kuandika namba na majina ya dawa tu, na kukichana kurasa kabla hujatoka kwenye jengo. Kalamu mbili, kwa sababu moja huondoka na daktari. Sweta mwaka mzima. Viatu visivyolia. Baadaye zikaja zile skrini zenye magurudumu, mkalimani akiwa ndani ya kioo mji mwingine. Dina anazipenda. Mimi nilikubaliana nazo kama mtu anavyokubaliana na mkwe ambaye hakumchagua.

Lakini nimekaa kuandika hasa kwa sababu ya familia moja. Nimewaomba ruhusa, nikawasomea kila ukurasa, na majina niliyotumia si yao. Binti, ambaye hapa namwita Faila, alikubali kwa sharti kwamba nisiandike kuwa alilia. Mama yake akasema, "Andika alilia." Nimeamua kumtii aliye mkubwa.

Nilikutana nao mara ya kwanza kliniki ya wajawazito huko Saint Paul. Niliitwa kwa kuchelewa, nikafika kwa kuchelewa. Chumbani nilimkuta mama mmoja kitandani, muuguzi, na katikati yao msichana wa miaka tisa, mrefu kuliko umri wake, koti la baridi bado limefungwa hadi kidevuni.

"Tumeshamaliza," muuguzi aliniambia. "Binti ametusaidia vizuri sana."

Mama akashuka kitandani, akanishukuru kwa kuja, wakaondoka wameshikana mikono. Kesho yake niliitwa tena kwa mama yule yule, safari hii nikawahi. Mtoto hakuwepo. Daktari akaanza kwa upole: "Kama nilivyokueleza jana, hatukusikia mapigo ya moyo wa mtoto."

Nikafasiri kama ilivyosemwa, pamoja na "kama nilivyokueleza jana." Mama Faila akauvuta mkoba wake mapajani. Kisha akasema polepole, "Jana mutoto aliniambia nirudi kesho. Basi."

Nikafasiri na hilo. Daktari akafunga macho kidogo. Tangu siku hiyo, kila nilipopiga kelele ofisini kuhusu watoto kufanywa wakalimani wa wazazi wao, nilikuwa namwona yule msichana na koti lake.

Familia ikaendelea na maisha. Tulikuwa tunasali pamoja, ibada ya Kiswahili ya Jumapili mchana, Wakenya upande mmoja na Wakongo upande mwingine, ingawa hakuna aliyewahi kupanga hivyo. Faila akaendelea kurefuka. Sekondari akaingia timu ya mpira wa kikapu, na mimi nisiyejua chochote kuhusu mchezo huo nikaanza kusikia jina lake mahali ambapo sikulitarajia. Mlinzi wa mlango wa hospitali, Mmarekani mzee mwenye masharubu, aliliona jina la Kikongo kwenye karatasi yangu ya zamu, akaniuliza kama namjua yule binti wa Saint Paul. Nikasema simjui mgonjwa yeyote. Akasema, "Si mgonjwa, mama, ni mchezaji! Chuo chetu kikimpata huyo, sitakosa mechi hata moja."

Mwaka wake wa mwisho sekondari mambo yakachemka. Vyuo vya majimbo ya mbali vilimwandikia, lakini chuo kikuu cha hapa mjini ndicho kilichomtaka zaidi, na watu wa hapa wakaamua kwamba binti ni wa kwao. Kwenye mitandao watu wasiomjua walibishana kuhusu urefu wa mikono yake. Watu walioshindwa kutamka "Faila" walimwita Fay, wakaandika Fay kwenye mabango. Kanisani ndiyo usiseme. Kiongozi wa shamrashamra alikuwa Njeri, Mkenya, nesi anayeishi Eden Prairie, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti inayolingana nao. Alifungua kundi la simu, akachapisha fulana zenye rangi za chuo kabla msichana mwenyewe hajaamua.

"Auntie Perpetua, wewe size gani? Medium?" aliniuliza mlangoni mwa kanisa. "Na usi-worry na parking, siku ya game nita-drive van ya kanisa. Tunaenda wote, hata wazee."

"Njeri, mtoto hajasaini na chuo chochote."

"Ata-sign. Aende wapi na sisi tuko hapa?"

Chuo kilipoomba kuitembelea familia nyumbani, kiliomba pia mkalimani, na kazi ikaniangukia. Niliwaambia wote kwamba naijua familia. Wakakubali. Kocha alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, aliyekuja na msaidizi wake kijana. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo ambalo Mama Faila aliliona na mimi nikaliona akiliona. Mezani palikuwa na bugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga. Baba Faila, mtu mpole aliyetoka kazini moja kwa moja, alisalimia na kukaa. Faila alikaa mwisho wa meza, mabega ameyakunja kama mtu anayejaribu kuchukua nafasi ndogo.

Kocha alizungumza vizuri. Masomo yaliyolipiwa na chuo, vyumba vya kulala, kusafiri, walimu wa ziada. Nilifasiri yote. Kisha Mama Faila akafuta mikono.

"Miye nko na ulizo moja. Mutoto wangu akivunjika muguu, mutamurudisha sawa vile mutu anarudisha viatu ku duka?"

Kocha akajibu kwamba kwao wachezaji ni familia, na kwamba wana madaktari bora kabisa. Yalikuwa maneno mengi na mazuri, na nikayafasiri kwa wingi wake na uzuri wake. Hapa wengi wenu mtashawishika kufupisha. Msifupishe. Mtu akizunguka, mfikishe msikilizaji kila kona.

Mama Faila alisikiliza hadi mwisho. "Sikuuliza kama muko na banganga," alisema. "Niliuliza kama mutamurudisha."

Nikafasiri hivyo hivyo. Msaidizi akatazama soksi zake. Kocha akamgeukia mama badala ya kunitazama mimi.

"Hapana," alisema. "Sitamrudisha. Atasoma hadi amalize, hata asipocheza dakika moja."

"Sasa kula," Mama Faila akasema, na akamwongezea samaki.

Faila akakichagua chuo hicho. Siku ya kusaini ikapangwa, na Njeri akaagiza keki.

Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu. Asubuhi ya Ijumaa nilifungua orodha yangu ya zamu, nikaona kliniki ya mifupa na jina la Faila. Kwenye kundi la simu la Njeri walikuwa wanasema amepumzika mazoezi kidogo, kifundo cha mguu kimemsumbua. Nilipoingia chumbani nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, goti la kulia limevimba kama kichwa cha mtoto mchanga. Wazazi wote wawili walikuwepo, kwa sababu alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na minane na lazima wao wasaini.

Nilieleza kwa daktari na kwa familia kwamba tunafahamiana na kusali pamoja, na kwamba wakitaka mkalimani mwingine nitaondoka bila kinyongo. Mama Faila akasema nibaki. Faila akatikisa kichwa kukubali.

Hakuna aliyemgusa, alieleza. Aliruka mazoezini, akatua, akasikia kitu kinakatika ndani. Picha zilishapigwa. Daktari alikuwa kijana mwenye subira, akageuza kompyuta ili wote waone. Kano ya katikati ya goti, ile inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele, imekatika kabisa. Upasuaji. Magongo. Karibu mwaka mzima bila kucheza.

Baba Faila alikuwa wa kwanza kusema. "Kocha iko anajua?"

"Hapana," alisema daktari. "Na mimi siruhusiwi kumwambia. Uamuzi ni wenu."

Baba akahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Akasema, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu aliyebeba familia kupita mipaka miwili, kwamba pengine wangoje mtoto asaini kwanza. Baadaye waseme aliumia baadaye. Kisha akanigeukia.

"Mama Perpetua, weye ungefanya nini?"

Hakuna kwenye mafunzo ukurasa unaosema swali hilo linauma kiasi gani likitoka kwa mtu unayemheshimu. Nilimfasiria daktari: baba ameniuliza mimi, mkalimani, ningefanya nini, na ninamjibu kwamba siwezi kumshauri. Kisha nikamjibu baba hivyo hivyo kwa Kiswahili. Akainamisha kichwa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Daktari akasimama ili awaachie nafasi. Ndipo Faila akasema, kwa Kiingereza, akinitazama mimi:

"Unaweza kufasiri kwa ajili yangu?"

Sikuelewa. Nikamwuliza, kwa daktari?

"Kwao," alisema. "Kwa mama na baba. Ninajua Kiswahili cha chakula, cha kuosha vyombo na cha kuomba. Hiki ninachotaka kusema sina maneno yake."

Nilimweleza daktari ombi lile. Akavuta kiti chake cha magurudumu, akakaa tena. Hadi leo namheshimu kwa kukaa kule.

Miaka yote ile nilikuwa nimefasiri kati ya watu wasiofahamiana. Sasa nilihamisha kiti changu, nikakaa pembeni ya Faila, nyuma kidogo, mama yake aweze kumtazama yeye. Akaanza, akisimama kila baada ya sentensi mbili ili nimfikie. Nami nikasema "mimi", kama nilivyofundishwa.

"Mama, baba, mimi ninaogopa," nilisema. "Siogopi kisu. Ninaogopa kuficha. Nilipokuwa mdogo mlinipeleka kila mahali niwafasirie, na mara nyingine niliacha maneno. Siku ile ya mtoto wa tumboni, daktari aliniambia niseme moyo wake umesimama. Sikusema. Nilisema urudi kesho. Nimekaa na neno lile tangu nikiwa na miaka tisa, na sitaki kukaa na lingine."

Hapa ndipo Faila alipolia. Nimeandika.

Mama Faila alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu maneno yalitoka kinywani mwangu. Kisha akageuka, akamtazama mtoto wake.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ile. Niliona sura yako. Sikukuuliza juu ulikuwa mudogo, nikasema muache alale."

Faila alielewa kabla sijafasiri. Nilifasiri hata hivyo, kwa sababu daktari alikuwa chumbani na hakuna anayeachwa nje. Nilikunywa maji.

Faila akaendelea. Akasema, na mimi nikasema, kwamba kocha akitaka kuondoka, aondoke sasa kabla yeye Faila hajavaa jezi ya chuo. Akasema la mwisho kwa shida zaidi ya yote: "Sijui kama ninaupenda mpira wenyewe, au ninapenda jinsi watu wanavyomwangalia mama kanisani nikicheza vizuri. Nikiwa na magongo mwaka mzima labda nitajua."

Baba aliweka mikono yote miwili juu ya magoti yake mwenyewe. "Tumwambie kocha," alisema mwishowe. "Lakini yeye wa kwanza. Si kanisa."

Kocha alikuwa safarini hadi Jumatatu na Faila hakutaka kumwandikia. Alitaka kusikia sauti ya kocha. Kwa hiyo ilikuwepo Jumapili katikati.

Kwenye ibada Faila hakuja. Mama yake alikaa safu ya mbele yangu, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa sawasawa. Mchungaji akatangaza kwamba baada ya siku chache binti yetu atasaini, tusimame tumshukuru Mungu. Kanisa zima likasimama. Wakenya walipiga vigelegele, Wakongo wakacheza hadi kwenye ujia, watoto wakaimba "Fay, Fay" kama Wamarekani. Nilisimama nami. Nilipiga makofi kwa mwendo wa wengine, nikiitazama shingo ya Mama Faila, ambayo haikutikisika.

Njeri alinikamata mlangoni, fulana yangu mkononi. "Auntie, wewe uko close na hiyo family. Watu wanasema-sema. Ni ankle tu, si ndio?"

"Kwaya leo imeimba vizuri," nikasema.

"Nimekuuliza kuhusu ankle."

"Na mimi nimekujibu kuhusu kwaya."

Aliniangalia kwa jicho la nesi. Kisha akanipa fulana na kwenda. Mtaambiwa kwamba siri ni sheria, na ni kweli, lakini sheria haikusaidii kitu mbele ya rafiki anayekutazama namna ile. Unabaki na kazi yako tu na fulana mkononi, ya saizi isiyo yako.

Jumatatu niliketi nao mezani kwao, simu ikiwa katikati ya sahani, sauti imefunguliwa. Faila akazungumza mwenyewe kwa Kiingereza, mimi nikiwanong'onezea wazazi. Alisema yote kwa pumzi mbili: goti, kano, upasuaji, mwaka. Akamaliza. Upande wa pili kimya kikaingia, kirefu kiasi kwamba Baba Faila alidhani simu imekatika, akainyooshea mkono. Ukimya haufasiriwi, vijana wangu. Unakaa nao kama wanavyokaa wao.

"Tarehe ya upasuaji ni lini?" kocha aliuliza.

Faila akataja.

"Nitakuja. Na kusaini ni siku ile ile tuliyopanga. Mama yako yupo hapo?" Faila akasema yupo. "Mwambie swali lake aliniuliza mapema, nikapata muda wa kufikiri. Jibu ni lile lile."

Nilifasiri. Mama Faila akainuka. Alikwenda jikoni akafungulia maji, na yaliendelea kutiririka muda mrefu bila chombo kuoshwa.

Faila alisaini akiwa na magongo, maktaba ya shule imejaa hadi mlangoni. Habari ikatoka pale pale. Kwenye mitandao wale waliobishana kuhusu mikono yake wakahamia kwenye goti lake. Wengine wakasema chuo kimepoteza nafasi, wengine wakamsahau kabla ya jioni. Mlinzi wa hospitali alinifungulia mlango, akasema, "Mwakani, basi," kwa huzuni ya dhati kabisa. Njeri alikata keki kama alivyopanga. Hakunisemesha wiki mbili. Wiki ya tatu alitokea kwangu na chapati zimefunikwa kwa kitambaa.

"Ulijua," alisema mlangoni.

"Ingia, zitapoa."

"Mimi ni nesi, Auntie. Najua ku-keep siri. Nilikasirika tu kwa sababu wewe unajua ku-keep kuliko mimi." Akaingia. Tulikula zote.

Mwaka ule ulikwenda taratibu, kama miaka ya magoti inavyokwenda. Kwenye mazoezi ya viungo sikuhitajika, Faila alikuwa ameshatimiza umri na alizungumza mwenyewe. Nilimwona kanisani, kwanza na magongo, kisha na kifaa cha goti, kisha akichechemea, kisha kawaida. Kundi la simu la Njeri lilipungua, wakabaki wale waliompenda bila sababu. Siku moja nilimwuliza kama amepata jibu la lile alilolisema kliniki. Alitabasamu. "Bado," alisema kwa Kiingereza. "Lakini nimeutamani mpira. Nimeutamani hata pale ambapo hakuna mtu wa kuniangalia."

Alirudi uwanjani majira ya baridi ya mwisho kabla sijastaafu. Tulikwenda na basi dogo la kanisa, Njeri kwenye usukani akigombana na barabara ya barafu. Nilikaa kando ya Mama Faila, juu sana, mahali ambapo wachezaji wanaonekana wadogo. Nusu ya kwanza hakuingizwa. Nusu ya pili, ikiwa imebaki robo ya mchezo, kocha akamwita. Watu walisimama. Si wote, wengi walikuwa wanarudi na soda zao. Lakini wale waliokumbuka walisimama.

Mpira wake wa kwanza haukugusa hata chuma. Wa pili ulizunguka ukatoka. Mama Faila alinishika mkono akaubana hadi pete ikaniuma. Wa tatu ukaingia, na Njeri akatoa sauti ambayo nadhani ilifika Eden Prairie kabla yetu. Timu ilishinda au ilishindwa, mtaniwia radhi, sikumbuki. Hakuwa nyota siku ile. Hadi naandika haya si nyota. Huingia, hukaba, hupasia, hutoka. Mlinzi wa hospitali ananiambia hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Namwamini.

Baada ya mchezo tulingoja kwenye kizuizi, chini. Faila akatoka na taulo shingoni. Wasichana wawili wadogo wakamwomba asaini mabango yao, akasaini. Kisha akaja kwa mama yake, na kwa mazoea nikasogea nikae pembeni, nyuma kidogo.

Hakunitazama. Akamshika mama yake mabega, akainama kwa urefu wake wote, akatafuta maneno kwa taabu, moja moja.

"Mama, niliogopa sana. Kisha niliacha kuogopa. Goti haikuuma. Mi napenda hii mpira, mama. Mimi mwenyewe. Napenda."

"Nimesikia," mama yake akasema.

Ngeli zilikuwa zimevurugika zote. Niliwaacha wakiongea, nikapanda ngazi kutafuta koti langu.